Kuchuja Sauti Kwenye Kipokezi cha Redio ya Ridhaa: Upana Unaofaa kwa CW, SSB, AM, FM na Mawasiliano ya Kidijitali

Ukifungua kipokezi usiku kwenye bendi ya 7 MHz, upande wa chini wanakofanya kazi watumiaji wa CW, yaani Morse, masikio hupokea mambo mengi kwa pamoja: kituo kimoja kinaita kwa mlio mwembamba, kingine kinajibu kwa mlio mzito kidogo, radi inakwaruza kutoka mbali, na chini ya hayo yote kuna mvumo usiokatika wa chaja ya simu iliyochomekwa chumba cha pili. Kipokezi hakina kosa, kwa sababu kimeleta kila kilichomo ndani ya upana uliokiruhusu kusikiliza. Upana huo ndio mwendeshaji wa redio ya ridhaa anaopaswa kujifunza kuutawala, na chombo cha kuutawala ni filta.

Nimeona waendeshaji wapya wengi wakiishughulikia filta kama wanavyoshughulikia kitufe cha sauti, yaani wanaizungusha mpaka kelele itulie, kisha wanaridhika. Njia hiyo huwapotezea vituo. Kelele kutulia si kipimo cha kazi nzuri, kwani hata redio iliyozimwa imetulia. Kipimo ni kama umeipata alama ya kituo, yaani herufi na tarakimu zinazokitambulisha, kwa ukamilifu, au umelielewa neno lililosemwa. Kwa hiyo utaratibu ninaouelekeza hapa ni huu: kwanza ujue ishara unayoitafuta inachukua upana gani, kisha uifungue filta kwa upana huo na nafasi kidogo ya ziada, na mwisho usikilize kama umepata zaidi au umepungukiwa.

Hatua ya kwanza: kutambua filta yako imekaa wapi

Ndani ya kipokezi kuna mahali zaidi ya pamoja pa kuchujia. Filta za mwanzo hukaa kwenye masafa ya kati (IF), yaani masafa ambayo redio huigeuzia ishara ndani yake, kabla ishara haijageuzwa kuwa sauti. Katika redio za zamani ni vipande vya kristali, na katika redio nyingi za kisasa kazi hiyo hufanywa na kichakataji cha kidijitali, yaani DSP. Filta za sauti hukaa mwisho kabisa, baada ya ishara kugeuzwa, karibu na spika. Baina ya sehemu hizo mbili kuna AGC, ambayo hupunguza nguvu ya kupokea yenyewe pale ishara kubwa inapoingia, na huiongeza tena inapoondoka.

Mpangilio huo una matokeo ambayo hayana budi kueleweka kabla ya kununua au kujenga chochote. Tuseme unasikiliza kituo hafifu kwa Morse, na umbali wa 800 Hz kando yake kuna kituo chenye nguvu nyingi. Filta ya sauti itauondoa mlio wa kile kikubwa masikioni mwako, lakini AGC, iliyotangulia kukiona, itakuwa imekwisha kuishusha redio nzima. Utasikia kituo chako kikizama na kuibuka kwa mapigo ya kituo usichokisikia. Dalili hiyo ikitokea, filta ya sauti haiwezi kukusaidia peke yake. Punguza nguvu ya kupokea kwa kitufe cha RF, au washa kipunguza nguvu cha antena, au uzime AGC kama redio yako inaruhusu na uidhibiti sauti kwa mkono. Kama redio ina filta nyembamba ya masafa ya kati, hapo ndipo mahali pake.

Filta ya sauti, pamoja na upungufu huo, ina sifa yake. Ni nafuu, inaweza kutengenezwa mezani kwa vifaa vya dukani, na inaongezwa nje ya redio bila kuifungua, kupitia tundu la hedifoni.

Hatua ya pili: kupunguza kelele ya nyumbani kwanza

Sehemu hii ni fupi, lakini usiiruke. Endesha redio kwa betri ya 12 V, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba kwa dakika mbili, na usikilize. Kelele ikishuka ghafla, adui wako yuko ndani ya nyumba, na hakuna filta itakayomshinda vizuri kuliko kumtoa. Washa vitu kimoja kimoja hadi umpate. Watuhumiwa wa kwanza ni chaja za bei nafuu, taa za LED, inveta, na vidhibiti vya chaji vya sola. Mimi kidhibiti kimoja cha sola kilinisumbua msimu mzima kwenye 14 MHz, na dawa yake ilikuwa kukizima tu ninapotaka kusikiliza.

Hatua ya tatu: hesabu inayokuonyesha faida

Kelele ya kawaida, ule mvumo uliotawanyika sawasawa kwenye masafa, huingia kwa kadiri ya upana wa filta. Ukiupunguza upana kwa nusu, nguvu ya kelele nayo hupungua kwa nusu, ambayo ni 3 dB (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu). Ukitoka 2400 Hz kwenda 500 Hz, kelele hushuka kwa karibu 7 dB. Ukifika 250 Hz, imeshuka kwa karibu 10 dB, sawa na kituo unachokisikiliza kuongeza nguvu yake mara kumi. Lakini ukitoka 2400 Hz kwenda 1800 Hz umepata zaidi kidogo tu ya 1 dB, kiasi ambacho sikio halikitambui. Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini Morse hufaidika sana kwa kuchuja kelele, ilhali usemi wa SSB, yaani sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, hufaidika kidogo mno, na hivyo kila aina inahitaji mkono wake.

Hatua ya nne: CW

Ishara ya Morse ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 60, na ishara iliyo safi huhitaji takriban 80 Hz ili kingo za nukta zisikike vizuri. Kwa hiyo filta ya 500 Hz ni pana ya kutosha kutafutia vituo, ya 250 Hz inatosha kwa mazungumzo katika bendi iliyosongamana, na chini ya 100 Hz unaanza kuikata ishara yenyewe.

Anza kwa kuchagua mlio. Redio nyingi humruhusu mwendeshaji kuamua Morse isikike kwa masafa gani ya sauti, na wengi huacha 700 Hz au 800 Hz bila kufikiri. Mimi hushauri kushuka hadi 500 Hz au 600 Hz. Sikio hupima tofauti za milio kwa uwiano, na kwa hiyo vituo viwili vilivyoachana kwa 50 Hz hutambulikana kirahisi zaidi vikiwa 450 Hz na 500 Hz kuliko vikiwa 850 Hz na 900 Hz. Ubongo wako wenyewe ni filta nzuri kuliko nyingi za dukani, nao hufanya kazi vizuri zaidi kwenye milio mizito.

Baada ya hapo, hakikisha katikati ya filta pamelingana na mlio uliouchagua. Kosa la kutolinganisha hivi viwili ni la kawaida mno: filta imefungwa 250 Hz kuzunguka 700 Hz, ilhali mwendeshaji amezoea kupata vituo kwa mlio wa 500 Hz, na kila anapoibana filta kituo kinatoweka, kisha lawama inaangukia antena. Njia ya kulinganisha ni kufungua filta hadi 2400 Hz, kutafuta kituo imara, kuwasha mlio wa pembeni ambao redio hutoa unapobonyeza ufunguo wa Morse, na kuzungusha kitufe cha masafa mpaka milio miwili iwe mmoja. Ukimaliza, bana filta. Kituo kibaki na sauti ileile huku kelele ikishuka. Kikififia, katikati bado hapajalingana.

Kisha lipo jambo la kulia kwa filta. Filta nyembamba haisimami mara moja ishara inapokoma, bali huendelea kuvuma kwa muda, kama kengele iliyogongwa. Muda huo ni mrefu kadiri filta inavyokuwa nyembamba. Kwa upana wa 50 Hz mvumo unaweza kufikia milisekunde 20, ambazo ni theluthi ya nukta nzima katika mwendo wa maneno 20, na nukta na vistari huanza kuungana. Katika nchi zetu za joto tatizo linazidi, kwa kuwa kila mkwaruzo wa radi unaoingia hugeuzwa kuwa mlio unaofanana na Morse. Msimu wa mvua, ninapoona mawingu yamejikusanya, mimi hurudi kwenye 400 Hz au 500 Hz hata kama bendi imejaa, kwa sababu mkwaruzo mfupi unaopita ni afadhali kuliko mkwaruzo uliovutwa ukawa kistari. Kama redio ina kizima mikwaruzo, kitumie kabla ya kubana filta. Kifaa hicho huitambua radi kwa ufupi wake, na kikiwekwa baada ya filta nyembamba hukuta mkwaruzo umekwisha kurefushwa, hakiutambui tena.

Sasa zoezi ambalo ninalithamini kuliko maelezo yote. Kuna mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya kurusha ishara za majaribio, unaoendeshwa na NCDXF, taasisi ya waendeshaji wa California, pamoja na IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, na kimojawapo ni 5Z4B cha Kenya. Vituo hivi hupokezana kwenye masafa ya 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Kila kimoja hupewa sekunde 10, na mzunguko mzima humalizika kwa dakika 3. Kituo huanza kwa kutaja alama yake kwa Morse, mwendo wa maneno 22 kwa dakika, kisha hutoa vistari vinne vya sekunde moja moja. Alama na kistari cha kwanza hurushwa kwa wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati 1, na cha nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Kwa maneno mengine, umeletewa ngazi ya kupimia iliyo tayari, yenye hatua za 10 dB kila moja.

Weka redio kwenye 14.100 MHz, saa ikiwa sahihi kwa sekunde. Ukihesabu kuanzia kila dakika inayogawanyika kwa tatu, 4S7B ya Sri Lanka huingia baada ya dakika 1 na sekunde 30, ZS6DN ya Afrika Kusini sekunde 10 baadaye, kisha 5Z4B. Aliyeko Dar es Salaam, Kampala au Kigali anaweza asiisikie kabisa 5Z4B kwenye 14 MHz, kwa kuwa mawimbi ya masafa hayo mara nyingi huruka juu ya majirani na kutua mbali. Msikilizaji wa Muscat au wa Ulaya ana nafasi kubwa zaidi. Wa karibu atumie ZS6DN au 4S7B. Kumbuka pia kwamba kituo chochote kati ya hivi huweza kuwa kimezimwa kwa matengenezo.

Sikiliza mzunguko wa kwanza kwa 2400 Hz na uandike umesikia vistari vingapi. Mzunguko wa pili tumia 500 Hz, wa tatu 250 Hz, na wa nne upana mdogo kuliko wote ulio nao. Rudia mara kadhaa, kwani nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka. Kama ulikuwa unasikia vistari viwili kwa 2400 Hz, na cha tatu kinaibuka kutoka chini ya mvumo kwa 250 Hz, umeziona zile 10 dB za hesabu kwa masikio yako. Na ukigundua kwamba kwa 100 Hz vistari virefu unavipata lakini herufi za alama zimeungana, umeuona mpaka wa filta hiyo. Andika tarakimu zako kwenye daftari la kituo, kwa maana zinahusu masikio yako na redio yako.

Hatua ya tano: SSB

Usemi wa SSB hubebwa kati ya takriban 300 Hz na 2700 Hz. Sehemu ya chini ina uzito wa sauti na nguvu nyingi, lakini sehemu ya juu ndiyo yenye uelewa, kwa sababu konsonanti nyingi hukaa huko. Jaribu mwenyewe kwa maneno ya Kiswahili. Sauti ya “sh” ina nguvu kubwa kuanzia karibu 2000 Hz kwenda juu, na kwa hiyo filta ikiwa 2700 Hz unaweza kutofautisha “shika” na “fika” bila taabu. Ishushe hadi 1800 Hz, na maneno hayo mawili yanakaribiana mno, unabaki kukisia kwa maana ya sentensi. Ama “s” na “f”, nguvu yake kubwa iko juu zaidi ya kile ambacho SSB hubeba, na hivyo “sisi” na “fisi” huchanganyika hata kwa filta iliyo wazi. Ndiyo sababu herufi za alama ya kituo hutajwa kwa maneno kamili, Sierra na Foxtrot, na mwendeshaji anayeona uzembe kuyatumia humpa kazi mwenzake aliye upande wa pili.

Kutokana na hayo, mpangilio wangu wa kuanzia ni 300 Hz hadi 2700 Hz. Bendi ikiwa tulivu na kituo kikiwa imara, fungua zaidi hadi 3000 Hz, maana masikio huchoka polepole kwa sauti pana. Kukiwa na usumbufu, usiibane filta kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Tafuta kwanza usumbufu unatoka upande gani. Ukisikia mivumo mizito au manung'uniko ya kituo cha jirani yaliyo chini, pandisha mpaka wa chini hadi 400 Hz au 500 Hz. Utapoteza uzito wa sauti ya msemaji, ila maneno yatabaki. Ukisikia milio myembamba ya kuchekacheka, kama ya ndege, hiyo ni sauti ya kituo cha jirani inayoingia kwa juu; shusha mpaka wa juu kwa hatua za 100 Hz na ukome mara jirani anapotoweka. Chini ya 2100 Hz uwe mwangalifu, na chini ya 1800 Hz nenda tu pale ambapo bila hivyo hupati kitu.

Mluzi mmoja usiobadilika, kama wa kituo kinachorekebisha antena yake juu ya mazungumzo, haufai kuondolewa kwa kubana. Tumia filta ya nochi, ambayo hutoboa tundu jembamba mahali pamoja na kuuacha usemi mwingine ulivyo. Nochi ya kujiendesha huutafuta mluzi yenyewe na hufanya vizuri kwenye SSB. Ila uizime kabla ya kwenda CW au kwenye mawasiliano ya kidijitali, kwa kuwa kwake ishara ya Morse ni mluzi kama mingine, na itakifuta kituo unachokitafuta.

Kupunguza kelele kwa DSP nako kuna kiasi chake. Kwa kiwango cha chini, mvumo hurudi nyuma na usemi hubaki mbele. Ukizidisha, msemaji husikika kana kwamba ameingiza kichwa ndani ya mtungi, na mwisho wa maneno humezwa. Mimi huanzia sifuri, hupandisha mpaka nisikie mabadiliko ya kwanza, na huishia hapo.

Hatua ya sita: AM

Kwenye AM huwezi kubana sana, kwa kuwa ishara ina pande mbili. Sauti ya 3000 Hz huhitaji 6 kHz kwenye masafa ya kati. Kwa wale wanaosikiliza pia redio za masafa mafupi, usumbufu mkubwa ni mluzi wa 5 kHz, unaotokana na kituo kilichokaa kwenye nafasi ya jirani, kwani vituo hivyo hupangwa kwa kuachana 5 kHz. Filta ya sauti inayokata kuanzia 4500 Hz huumaliza.

Ipo njia nyingine ambayo hutoa matokeo mazuri kuliko filta yoyote ya AM. Weka redio kwenye SSB, zungusha masafa polepole mpaka mluzi wa wimbi la katikati ushuke na kupotea kabisa, kisha chagua upande wa juu au wa chini, ule usio na jirani. Usemi uleule umo katika pande zote mbili, na hivyo hupotezi neno.

Hatua ya saba: FM

Kwenye FM filta ya sauti ina kazi ndogo. Uhafifu wa kituo huamuliwa mapema, kwenye kigeuzi cha ishara, na kelele ikikishinda kituo hapo hakuna filta ya baadaye itakayokirudisha. Upana wa masafa ya kati ulingane na mfumo wa mahali pako: watumiaji wa nafasi za 25 kHz huruhusu wimbi kuyumba hadi 5 kHz kila upande, na wa 12.5 kHz huruhusu 2.5 kHz. Redio iliyowekwa nyembamba ikipokea kituo kipana, sauti hukatika kila msemaji anapopaza, na watu hudhani kipaza sauti chake kimeharibika.

Mambo mawili ya sauti yanahitaji kuangaliwa. Kelele ya FM huongezeka kadiri masafa ya sauti yanavyopanda, na kwa hiyo kipokezi hupunguza sauti za juu kwa 6 dB kila masafa yanapozidi mara mbili. Ukichukua sauti kabla ya sehemu hiyo, itasikika kali na yenye mvumo. Pili, ripita nyingi, yaani vituo vinavyopokea sauti na kuirusha upya, hutumia mlio wa CTCSS, mlio mzito wa kuifungua ripita, ulio kati ya 67 Hz na 254.1 Hz. Ukisikia ngurumo ya chini isiyokoma nyuma ya kila msemaji, filta inayozuia yote yaliyo chini ya 300 Hz haikufanya kazi au haipo.

Kwa data ya baudi 1200 (mabadiliko 1200 ya ishara kwa sekunde), kama ya APRS, mfumo wa kutuma mahali ulipo na taarifa fupi, milio ni 1200 Hz na 2200 Hz, na sharti ifike kwenye kompyuta ikiwa na nguvu zinazokaribiana. Hapo zima kila filta na kila kirekebisha sauti cha nje.

Hatua ya nane: mawasiliano ya kidijitali

Hapa mazoea ya CW humponza mtu. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, K1JT, pamoja na Steve Franke, K9AN, huchukua 50 Hz tu kwa kila kituo, na kwa hiyo mwendeshaji huona ni busara kuibana filta. Asifanye hivyo. Programu husikiliza bendi nzima ya sauti kwa pamoja, na hufungua makumi ya vituo ndani ya sekunde 15 zilezile. Filta halisi imo ndani ya programu. Zile ripoti za nguvu zilizo chini ya sifuri hupimwa dhidi ya kelele iliyomo katika upana wa 2500 Hz, na ukikumbuka kwamba 50 Hz dhidi ya 2500 Hz ni tofauti ya 17 dB, utaelewa ni kwa nini kituo kinaweza kuandikwa kwenye skrini ilhali sikio halisikii chochote.

Kwa hiyo fungua redio hadi 3000 Hz au upana mkubwa ulio nao, zima kupunguza kelele, zima nochi, zima kizima mikwaruzo, na uweke USB, yaani upande wa juu wa SSB. Kwenye WSJT-X, programu ya FT8, rekebisha sauti inayoingia mpaka kipimo kionyeshe karibu 30 dB wakati hakuna kituo, kukiwa na kelele ya bendi pekee. Kituo cha jirani chenye nguvu nyingi kikiwazamisha wengine wote, hapo tu ndipo ubane filta ya masafa ya kati kuzunguka kituo unachokijibu, kisha uifungue ukimaliza.

RTTY, yaani maandishi ya teleprinta kwa redio, ni tofauti. Hutumia milio miwili iliyoachana kwa 170 Hz, mara nyingi 2125 Hz na 2295 Hz, kwa mwendo wa baudi 45.45. Filta ya 250 Hz hadi 500 Hz hufaa, mradi katikati yake pawe karibu 2210 Hz na si kwenye mlio wako wa Morse. PSK31, njia nyingine ya kuandikiana kwa kompyuta, huchukua takriban 60 Hz, na filta ya 250 Hz au 500 Hz humsaidia mwendeshaji pale AGC inapotawaliwa na jirani.

Hatua ya tisa: kujenga filta ya CW kwa IC moja

Kama redio yako ina filta ya SSB pekee, saketi hii itakupa Morse safi kwa gharama ndogo. Hutumia IC (saketi ndogo iliyofungwa katika kipande kimoja) moja ya TL072, yenye vikuza sauti viwili ndani, kila kimoja kikiwa filta kamili, ambayo hapa chini naiita hatua, na kimoja hufuata kingine.

Kwa kila hatua utahitaji rezista tatu za kilo-om 68, moja ya kilo-om 5.6, na kapasita mbili za nanofaradi 10. Tumia kapasita za plastiki, kwa kuwa zile za kauri za bei nafuu hubadilika thamani kwa joto, na filta itahama mlio mchana ukipamba moto. Sauti inaingia kupitia rezista ya kwanza ya kilo-om 68 hadi kwenye kiungo. Kutoka kiungo hicho, ile ya 5.6 inakwenda grandi, kapasita moja inakwenda kwenye ingizo la hasi la IC, na kapasita ya pili inakwenda kwenye tokeo lake. Rezista mbili za 68 zilizobaki ziunganishwe mfululizo, zifanye 136, na ziwekwe kati ya tokeo na ingizo la hasi. Ingizo la chanya liunganishwe na nusu ya umeme, unayoipata kwa rezista mbili za kilo-om 10 zinazogawa 12 V, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 47 kwenda grandi.

Kwenye TL072 umeme unaingia mguu wa 8 na grandi ni mguu wa 4. Hatua ya kwanza hutumia mguu wa 2 kwa hasi, wa 3 kwa chanya na wa 1 kwa tokeo. Ya pili hutumia wa 6, wa 5 na wa 7. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 mwanzoni na ya mikrofaradi 10 mwishoni, upande wake wa chanya ukielekea mguu wa 7. IC hii haina nguvu ya kusukuma spika, basi tokeo liende kwenye spika za kompyuta zenye amplifaya yake.

Kwa thamani hizi katikati ya filta ni 600 Hz. Kila hatua ina upana wa karibu 234 Hz, na mbili zikifuatana hubaki na karibu 150 Hz, bila kuongeza wala kupunguza nguvu ya sauti kwenye mlio wa katikati. Anayependa mlio wa juu aondoe 5.6 aweke 3.9, na katikati patahamia karibu 710 Hz huku upana ukibaki uleule, kwa sababu upana huamuliwa na ile 136 pamoja na kapasita. Weka pia swichi ya kuipita filta, usiache kufanya hivyo. Utaihitaji kila unapotafuta kituo kipya.

Kabla ya kuiamini, izungushe redio polepole juu ya kituo imara. Sauti inapaswa kupanda hadi kilele kimoja na kushuka sawasawa pande zote mbili. Ukisikia vilele viwili, hatua moja imehama, na mara nyingi mkosaji ni kapasita isiyo na thamani iliyoandikwa juu yake; ipime kwa mita na ubadilishe. Kilele kikiwa kimoja, rudi 14.100 MHz, washa swichi, na uhesabu vistari.